Mara Nane Zatosha: Kuchagua Darubini kwa Anga la Lodwar na Kakuma

Kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe ya basalti, nyeusi, zimeinama huku na huku. Waturkana wanapaita mahali hapo Namoratung'a, na masimulizi yanasema mawe hayo yalikuwa watu, wakageuka mawe wakiwa katikati ya ngoma. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea macheo ya nyota na makundi saba ya nyota yanayoongoza kalenda ya Waborana, Kilimia kikiwa mojawapo. Miaka michache baadaye Robert Soper alipima upya, akaonyesha jambo ambalo kila anayepeleka chombo Turkana hana budi kulizingatia: mawe yenyewe yana usumaku, na jiwe lenye usumaku huivuta sindano ya dira. Mjadala kuhusu nyota uliendelea, nami siuingilii hapa. Ninachokichukua ni ile dira. Haikuwa mbovu, Nairobi ingeonyesha kaskazini barabara. Ilipowekwa kando ya mawe yale, ikapotoka.

Darubini nayo ina tabia hiyohiyo. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu darubini za macho mawili umetokana na miji yenye taa nyingi na nchi zilizo mbali na ikweta, ambako hewa ni baridi na sayari hutambaa chini karibu na upeo wa macho. Mtu wa Lodwar au Kakuma akiufuata ushauri huo neno kwa neno ataishia na chombo kizuri kisichomfaa. Tena huku hakuna anayenunua darubini mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Itakuwa moja, itatumika kutazama mbuzi upande wa pili wa laga, yaani mto wa msimu, ndege kwenye mikoma ya mto Turkwel, na nyota jua likishazama. Nitatetea chaguo moja hadi mwisho wa sura hii: darubini ya 8x42, iliyofungwa isiingie vumbi wala maji. Hoja yangu ni kwamba hali zenyewe za Turkana, yaani joto, vumbi, giza na mahali ilipo kwenye duara la dunia, zote zinaelekeza kwenye ukuzaji mdogo.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Katika 8x42, namba ya kwanza ni ukuzaji: kitu kilicho mita 800 unakiona kana kwamba kiko mita 100. Namba ya pili ni upana wa kila lenzi ya mbele kwa milimita, na huo ndio mlango wa mwanga. Mnunuzi mgeni huikimbilia namba ya kwanza, na wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kuna darubini za bei rahisi zilizoandikwa 30x60 au zaidi ubavuni, zenye lenzi ndogo ambazo hata kwa kutazama tu hazifiki milimita 60, na mara nyingi zimepakwa utando mwekundu unaong'aa kama kioo cha taa ya nyuma ya gari. Zikwepe. Zikwepe pia zile zinazobadilisha ukuzaji kwa kusukuma kijiti, kwa sababu katika darubini ya bei ya kawaida kijiti hicho hulipiwa kwa kupoteza upana wa mandhari na ukali wa picha.

Sasa fikiria mchana wa Lodwar, mji ulio kwenye kimo cha mita 500 hivi tu juu ya bahari, ambako nyuzi 35 za joto ni jambo la kawaida. Ardhi ya kokoto ikishika moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mawimbi, na kila kilicho mbali huanza kuchezacheza. Ndipo mazigazi yanapotandaza maji yasiyokuwepo barabarani. Mtetemo huo uko hewani, kati yako na ngamia unayemtafuta. Darubini haiwezi kuuondoa. Inaukuza pamoja na ngamia. Ukitazama kwa mara 8 utaona umbo linalotetemeka, na ukitazama kwa mara 16 utaona umbo kubwa zaidi linalotetemeka zaidi, bila kujua zaidi kama ni ngamia wako au wa jirani. Saa sita mchana ukuzaji mkubwa hauongezi habari. Unachoweza kuongeza ni upana wa mandhari, na hapo namba ndogo ndiyo yenye faida. Darubini ya 8x42 ya kawaida huonyesha eneo la upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa kilomita moja. Ya 12x50 huonyesha mita 100 au pungufu. Kwa anayetafuta mnyama mmoja aliyejitenga kati ya vichaka vinavyofanana, mita hizo 30 za ziada ndizo zinazomfanya amwone kabla hajaingia korongoni.

Mkono nao una kiasi chake. Hakuna mkono usiotetemeka. Tofauti ni kwamba kwa mara 8 ubongo unauvumilia mtetemo, na kwa mara 12 au 15 picha inaruka kiasi kwamba maelezo madogo uliyoyalipia yanafutika. Anayedai kwamba mkono wake ni imara ajipime usiku kwa nyota moja angavu. Ikichora mistari badala ya kusimama kama nukta, ameshapata jibu.

Usiku ndio wenye mambo mengi zaidi, na ndipo Turkana inapotofautiana na miji kwa namna ambayo vitabu vingi havikuifikiria. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25. Hiyo, kwa milimita, ni upana wa duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya machoni na kuingia kwenye mboni. Unaweza kuliona kwa macho yako. Ishike darubini mbele yako, mkono ukiwa umenyooka, uielekeze kwenye anga la mchana mbali kabisa na jua, na utazame lenzi za machoni kutoka huko mbali. Katikati ya kila moja kutaonekana kidoa cheupe cha duara kinachoelea. Kikiwa duara safi, prizimu za ndani zinapitisha mwanga wote. Kikiwa na kingo zilizokatwa, kama duara linalotaka kuwa mraba, chombo kimetumia kioo hafifu na kinapoteza sehemu ya mwanga uliougharimia kwa lenzi za mbele. Jaribio hili huchukua dakika moja dukani, na linasema kweli kuliko maandishi yaliyo kwenye sanduku.

Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyosonga, na wengi wakishapita hamsini hubaki na 5 au 6. Mjini, duara kubwa la mwanga halisaidii sana, kwa sababu anga lenyewe limejaa mwanga wa taa, na darubini inaukusanya huo pia, ikakupa nyota hafifu juu ya anga la kijivu. Ndiyo maana watazamaji wa mijini hushauriwa kupanda kwenye ukuzaji mkubwa, ili weusi wa anga uongezeke. Ukiondoka Lodwar kwa mwendo mfupi, au ukiwa pembezoni mwa Kakuma ambako sehemu kubwa ya makazi haina taa za barabarani, anga tayari ni jeusi. Hakuna mwanga wa kufifisha. Duara la milimita 5 au zaidi linatumika lote kujaza jicho mwanga wa nyota, na ushauri wa mjini unapoteza sababu yake.

Halafu kuna jambo la ikweta, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote. Lodwar iko kwenye digrii 3 tu kaskazini. Sayari zote husafiri karibu na njia ya jua angani, na njia hiyo haiendi mbali zaidi ya digrii 23 na nusu kutoka ikweta ya anga. Hesabu ni rahisi: Mshtarii au Zohali ikifika kilele chake juu ya Turkana, huwa imepanda zaidi ya digrii 60 kutoka upeo wa macho, mwaka wowote. London, Mshtarii ikiwa upande wa kusini wa njia yake, haifiki hata digrii 20. Mkanda wa Orioni hupita Lodwar karibu kabisa na utosi, Kilimia kadhalika hupita juu sana, na Sirius haiko mbali. Vitu bora vya anga la Turkana viko juu ya kichwa.

Sasa mweke mtu na darubini ya 15x70, yenye uzito wa kilo 1.4 hivi, juu ya stendi ya miguu mitatu. Kwa kitu kilicho karibu na upeo wa macho, mambo ni mazuri. Kikiwa utosini, lenzi za machoni zinatazama ardhi, na mtazamaji inambidi achuchumae chini yake huku shingo imepinda nyuma, na stendi iko palepale anapotaka kuweka mwili. Chombo kilichokusudiwa kuondoa mtetemo kinaleta maumivu ya shingo ndani ya dakika tano. Njia iliyo sahihi hapa ni kulala chali, na mtu aliyelala chali anahitaji darubini nyepesi, ya gramu 700 hivi, anayoweza kuishika huku viwiko vimeegemea mbavuni na mipira ya lenzi za machoni imetua juu ya mifupa ya nyusi. Kwa mkao huo mtetemo hupungua sana bila stendi yoyote.

Waturkana tayari wana kifaa cha mkao huo. Ekicholong ni kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, chenye kikalio kilichobonyea na kamba ya ngozi ya kukibebea, na wazee hutembea nacho mkononi kutwa nzima. Mchana hukikalia, wakilala hukiweka chini ya kisogo, na zamani kililinda mitindo ya nywele iliyofinyangwa kwa udongo isiguse mavumbi. Kiweke chini ya shingo, ulale kwenye mchanga wa laga iliyokauka, na kichwa kitainuka kiasi kile hasa kinachofanya lenzi zikae sawa na macho bila kukaza misuli. Sijui kifaa cha dukani kinachoifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Laga, hata hivyo, ni ya kulalia msimu wa kiangazi tu, maana mafuriko huja na maji ya mvua iliyonyesha mbali.

Ukishatulia hivyo, mara 8 huonyesha mengi kuliko watu wanavyotarajia. Kilimia, ambacho jicho tupu hukihesabia nyota sita au saba, huwa makumi ya nyota za samawati na chote huenea ndani ya duara moja la mandhari. Darubini ya mara 15 ingekibana, na ya mara 30 ingekikata vipande. Jioni za Mei na Juni, Omega Centauri husimama kusini kwenye kimo cha digrii 40 hivi, ikionekana kama kidoa cha mwanga chenye kiini kizito. Ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, na watazamaji wengi wa Ulaya hawauoni maishani mwao bila kusafiri. Miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 huonekana kama vinukta kandokando ya sayari, mikono ikiwa imetulia. Na jioni za Novemba kuna galaksi ya Andromeda, doa refu la ukungu. Mwanga wake umesafiri miaka milioni 2.5. Ulipoanza safari, zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, kwani zina umri wa miaka milioni 3.3, na yule kijana wa Nariokotome, ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake mwaka 1984, alikuwa bado karibu miaka milioni moja mbele. Hakuna mahali pengine duniani ninapoona doa hilo likiwa na maana kubwa hivi kwa mtu aliyelala mchangani.

Wako watakaosema kwamba wapenzi wa nyota kwa miaka mingi wamependekeza 10x50, na kwamba lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga zaidi kuliko ya 42. Ni kweli. Zaidi kwa asilimia 42 hivi, na mtazamaji makini ataona nyota chache za ziada. Anayetaka usiku peke yake, akiwa tayari kulala chali, hatakosea akiichukua 10x50. Lakini mchana atabeba uzito zaidi na mandhari finyu, na mtetemo wa joto na wa mkono utakula sehemu ya alichopata. Hoja yenye nguvu zaidi, na isiyosemwa sana, ni ya 7x50, chombo cha mabaharia. Duara lake la mwanga ni milimita 7, na Kakuma, ambako zaidi ya nusu ya wakazi ni watoto, imejaa macho machanga yanayoweza kulipokea lote, chini ya anga jeusi. Kwa usiku tu, ningeshawishika. Kinachonizuia ni kwamba nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa kurekebisha kila jicho peke yake, jambo linalofaa kutazama meli za mbali lakini linamkosesha mtu ndege anayeruka kutoka tawi hadi tawi. Na mchana, mboni ikiwa imebana hadi milimita 2 au 3, ukubwa wote ule unabaki mzigo wa shingoni.

Pingamizi la pete za Zohali halina budi kujibiwa kwa ukweli mtupu: hutaziona kwa 8x42, wala kwa 10x50. Zinataka ukuzaji wa mara 25 na zaidi, na chombo kilichotulia kabisa. Anayezitaka pete na anunue teleskopu, au shule mbili tatu zichangie moja. Kumuuzia mwanafunzi darubini ya mkononi ya mara 30 kwa ahadi ya pete ni kumvunja moyo usiku wa kwanza.

Vumbi sikulichelewesha kwa sababu ni dogo. Upepo wa kusini-mashariki hupenya katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukikaza mwendo kama maji kwenye mfereji mwembamba. Upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, upepo huohuo unaendesha mitambo 365 ya umeme. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013 na kivuli kamili kupita juu ya Ziwa Turkana, baadhi ya waliosafiri mbali kuja kutazama walizibiwa na dhoruba ya mchanga na mvua. (Na kwa kuwa nimetaja kupatwa: usielekeze darubini kwenye jua kamwe bila vichujio maalumu mbele ya lenzi zote mbili. Miwani ya kupatwa ikivaliwa nyuma ya darubini haikingi chochote.) Kwa upepo kama huo, darubini isiyofungwa hujaa unga ndani kwa msimu mmoja, na hakuna fundi wa karibu wa kuifungua na kuipanga tena. Tafuta iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa kwa mipira, hata ikigharimu zaidi. Pesa hiyo ni bora kuliko ya kununua ukuzaji. Usifute lenzi kwa shuka au ncha ya shati. Mchanga una chembe za kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo kila mfuto mkavu ni msasa. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, na kitambaa safi chenye unyevu kidogo kiwe cha mwisho.

Mwisho wa yote, darubini ya Kakuma haitakuwa ya mtu mmoja. Itapita mikononi mwa watoto ishirini jioni moja, na hapo ukuzaji mdogo una faida nyingine: kitu hubaki ndani ya mandhari hata mtoto asipoelekeza vizuri, wala hakuna haja ya kukifuata kila mara dunia inapozunguka. Lakini jicho likifuata jicho kwenye mpira uleule, ugonjwa nao unafuata. Turkana ni miongoni mwa kaunti za Kenya zilizosumbuliwa na trakoma, yaani vikope, ambayo huenea kwa mikono, vitambaa na nzi. Chagua darubini ambayo picha yake huonekana yote jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Wenye miwani wataitumia bila kuivua, na watoto watafundishwa kutazama bila kuibana usoni. Mipira ifutwe kwa spiriti kati ya mmoja na mwingine, na mwenye macho mekundu asubiri siku nyingine.

Linabaki swali ambalo mtu wa heshima hawezi kulikwepa: katika nchi ya ukame, je, hii si anasa? Ingekuwa anasa kama ingekuwa ya nyota tu. Mfugaji akipanda kilima kidogo na kuona kwamba wanyama walio kilomita mbili mbele si wake, ameokoa safari ya kwenda na kurudi juani. Msichana anayetaka kuwa kiongozi wa watalii wa ndege huko Kalokol hawezi kuanza kazi bila darubini. Nyota zinakuja baada ya hapo bila kuongeza gharama, na si mambo mapya kwa watu wa Afrika Mashariki. Waswahili walikiita kundi lile Kilimia kwa ajili ya kulima, kwa sababu kuzama kwake jioni kulitangaza msimu. Mwishoni mwa Aprili, jua likishatua nyuma ya milima ya mpaka wa Uganda, Kilimia huwa chini kabisa magharibi, kimefifia kwenye mwanga wa machweo na vumbi, na jicho tupu hukipoteza siku kadhaa kabla ya darubini ya mara nane.